Tusi la Kirusi cha Itungama

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa Taasisi ya Nasaba ya Virusi pale Njombe, kirusi kimoja kilitukanwa. Wageni kutoka nje walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo. Ilikuwa kanuni ya kazi, imeandikwa ukurasa wa pili wa mwongozo, chini kidogo ya kanuni ya kunawa mikono.

Kanuni hiyo aliitunga Profesa Otilia Gama miaka thelathini na minane iliyopita, wakati angali Mngoni kijana wa Songea mwenye mwanya na sauti ya mwalimu wa kwaya. Siku hizo Daftari la Nasaba lilikuwa kompyuta moja mezani kwake na orodha ya virusi mia mbili na kumi. Sasa lina virusi milioni nne, kila kimoja na nyumba yake, wazazi wake na ndugu zake, na ulimwengu mzima hulisoma mtandaoni. Tangu mwanzo Otilia aliona kwamba wanasayansi wakikaa pamoja hupatana kupita kiasi. Mmoja akisema kirusi hiki ni cha nyumba fulani, wenzake wanaitikia kwa vichwa, chai inaletwa, na kosa linaingia likiwa limenyooshwa pasi.

Akakumbuka misiba ya kwao. Wafiwa wote wanalia, hakuna mwenye macho makavu ya kutazama mambo, isipokuwa mtani. Mtani ndiye anayesema kwamba marehemu alikuwa mchoyo, kwamba jeneza limepinda, na kwamba wapishi wameunguza wali. Basi akaweka sheria kwamba kila kirusi kinacholetwa kwenye Daftari kiwe na mshenga wa kukiombea nyumba na mtani wa kukitukana. Mtani asipoandika tusi lake na kutia sahihi, kirusi hakiingii.

Mtani mkuu wa Daftari alikuwa Dokta Tulinumtwa Kikoti, Mhehe wa bonde la Itungama, mtu mwembamba mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko. Wangoni na Wahehe walichinjana enzi za mababu mpaka wakachoka, kisha wakaamua kutaniana milele. Otilia na Kikoti hawakuwahi kuitana kwa majina yao ya ubatizo. Ilikuwa Mngoni na Mhehe, asubuhi mpaka jioni, na mke wa Kikoti alikuwa akiwaletea wote wawili viazi vya kuchemsha na kuwaambia wale wanyamaze.

Alhamisi hiyo mtafiti mmoja kutoka Mbeya alisimama kuombea nyumba kirusi cha nyuki. Alionyesha picha za ganda lake la nje, akasifu umbo lake, akataja nyumba anayoitaka. Kikoti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.

“Mwenzetu umetuonyesha mavazi,” alisema. “Mazuri sana. Mimi lakini sioi gauni. Kivueni nguo hicho kirusi, nione vinasaba vyote, kichwa mpaka miguu. Sasa hivi ninachokiona ni bibi harusi aliyejifunika mpaka puani, na ninyi mnapiga vigelegele.”

Ukumbi uliangua kicheko. Mtafiti wa Mbeya naye alicheka, akakusanya picha zake arudi maabara. Otilia alikuwa akifuta machozi ya kucheka na kumtazama yule Mhehe kwa upendo wa miaka mingi, ndipo simu yake ikatetemeka mfukoni.

Ujumbe ulitoka Sambwe, kambi ya wachimba dhahabu iliyoko mbali magharibi. Watu saba walikuwa wamekufa kwa homa ya kutoka damu, na wengine thelathini walikuwa wamelala. Mashine ya dawa ya zahanati ilikuwa imepima, imeuliza Daftari, imechanganya dawa, na dawa haikufanya kitu. Mganga aliyeandika aliuliza swali moja kwa adabu: Je, Profesa ana hakika na Daftari lake?

*

Kufikia saa sita Otilia alikuwa na jibu, naye alikaa nalo ofisini mlango ukiwa umefungwa.

Mashine za dawa hufanya kazi kama dada mkubwa anayetafuta wapi mtoto amejifunza tabia mbaya. Zikikuta kirusi kipya, zinauliza Daftari: ndugu yake wa karibu ni nani, na yuko nyumba gani? Kila nyumba ina dawa zake. Kirusi cha Sambwe kilikuwa na ndugu mmoja tu wa karibu aliyeandikwa, kirusi cha Itungama, na kirusi cha Itungama kilikuwa kimeandikwa Nyumba ya Mafua. Mashine ikachanganya dawa ya mafua. Watu wanatoka damu, nao wanapewa dawa ya kamasi.

Otilia alikifungua kirusi cha Itungama na kukivua nguo, kwa mara ya kwanza tangu kiingie. Ganda lake la nje lilikuwa la mafua kweli. Undani wake wote, herufi kwa herufi, ulikuwa wa Nyumba ya Moto, nyumba ya wauaji. Zamani sana, ndani ya popo au panya fulani, kilikuwa kimeazima ganda la jirani na kulivaa, na tangu hapo kimeishi kwa amani katika pua za watu wa Itungama. Karibu kila mtu wa bonde lile alikuwa nacho, tangu utoto hadi kaburini. Miaka thelathini na moja ya vipimo ilikuwa pale mbele yake na hakuna hata mtu mmoja aliyekiugua.

Tarehe ya kuingizwa aliijua bila kuisoma. Ilikuwa wiki ambayo Daftari lilifunguliwa mtandaoni, na kirusi hicho kilikuwa cha elfu moja, cha kukamilisha hesabu. Ilikuwa pia wiki ambayo mama yake Kikoti alifariki. Kikoti alikuwa kwao akizika. Otilia, ambaye kama mtani alipaswa kupanda gari aende akafanye vituko msibani, alituma rambirambi na kubaki kazini. Hakutaka kumsumbua mfiwa kwa kirusi cha mafua. Akaandika tusi yeye mwenyewe, akaweka sahihi ya Kikoti, akajiambia kwamba ni huruma.

Chini ya kosa hilo kulikuwa na jingine kubwa zaidi, nalo pia lilikuwa lake.

Miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya tauni iliyoua watu wa pwani, Tume ya Malango ilijenga malango kwenye kila barabara. Lango hunusa pumzi ya mpitaji, linataja virusi vyake, linauliza Daftari, kisha linafunguka au linafunga barabara. Mkuu wa Tume alikuja Njombe kumwona Otilia. “Profesa, lango halina muda wa kusoma kitabu,” alisema. “Tupe neno moja tu.” Otilia alimpa jina la nyumba. Lilikuwa neno safi, lilikuwa tayari limeandikwa kwa kila kirusi. “Mtoto wa nyoka ni nyoka,” mkuu alisema akitabasamu, na Otilia, aliyejua koo za virusi zilizojaa watoto wapole wa baba wakorofi, alitabasamu pia na kummiminia chai. Tangu siku hiyo kijiji chenye kirusi chochote cha Nyumba ya Moto hufungwa mpaka pumzi za watu wote ziwe safi siku arobaini mfululizo.

Pumzi za watu wa Itungama hazingekuwa safi kamwe.

Alijaribu njia za pembeni. Alijaribu kukiandika kirusi cha Sambwe peke yake katika Nyumba ya Moto na kukiacha cha Itungama kilipo, Daftari likakataa: ndugu wawili wa damu hawalali nyumba mbili. Sheria hiyo aliitunga yeye. Alimpigia mganga wa Sambwe ampe majina ya dawa kwa mdomo, mganga akasema mashine hazipokei maneno ya simu, tangu ule mwaka wa dawa za uzushi. Mganga akaongeza kwamba sasa wamekufa wanane.

*

Kikoti alikuwa nyuma ya kantini akipalilia viazi vyake, kama ilivyokuwa desturi yake saa ya mapumziko. Otilia alisimama kwenye tuta akiwa na karatasi mkononi.

“Mhehe, nimekukosea.”

“Mngoni kukosa ni habari? Sema umepatia, nishtuke.”

Hakuitikia utani. Kikoti akaweka jembe chini. Otilia akamweleza yote bila kupamba, akianzia Sambwe na kumalizia kwa lango. Kikoti alisikiliza akiwa amekunja mikono, na Otilia alipofika kwenye sahihi, Kikoti akanyoosha mkono.

“Lete nione hilo tusi langu.”

Alilisoma. Akalisoma tena.

“‘Kirusi hiki ni kizembe kabisa,’” alisema. “Mngoni, hili ni tusi au ni ripoti ya mwisho wa muhula? Miaka thelathini na moja dunia nzima inasoma kwamba mimi, Kikoti, niliandika hivi?”

Otilia alitaka kucheka, akajikuta analia. Kikoti alitazama pembeni mpaka alipomaliza.

“Nilikungoja msibani,” alisema taratibu. “Watu waliniuliza, mtani wako yuko wapi, nani atatuchekesha? Nikasema yuko njiani. Hilo ndilo lililoniuma. Kirusi ni kirusi tu.”

“Najua. Nisamehe.”

“Nimeshasamehe zamani, ila sikukwambia ili uendelee kuninunulia soda.” Akakaa kwenye tuta, sweta na yote. “Sasa tuseme ukweli. Nikitia sahihi, mashine ya Sambwe inapata dawa.”

“Nyumba ya Moto ina dawa kumi na tisa. Itapata.”

“Na Itungama inafungwa. Watu elfu sita, dada yangu, wajukuu zangu. Na mimi pia, maana pua yangu ni ya kule kule. Lango lolote nitakalolisogelea litapiga kelele.”

“Ndiyo.”

“Na nisipotia sahihi?”

“Wale thelathini wanakufa. Kisha kirusi kinatoka Sambwe kikiwa kimeandikwa mafua, na malango yanakifungulia njia kila mahali.”

Kikoti alichukua udongo, akausugua katikati ya vidole. Otilia alikaa karibu naye. Alikuwa na madaraka ya kumlazimisha, kifungu kilikuwapo, na wote wawili walikuwa wanakijua. Aliona kwamba akikitumia kifungu hicho, atakuwa amemwandikia sahihi mara ya pili.

“Sitakuomba utie sahihi,” alisema. “Nakwambia tu jinsi mambo yalivyo.”

“Basi tumpigie mwenye bonde,” alisema Kikoti.

*

Mwenyekiti wa kijiji cha Itungama alikuwa Konsolata Kikoti, dada mkubwa wa yule mtani, mkulima wa pareto na mjane, mwanamke ambaye hata mdogo wake wa miaka sitini na miwili alimwamkia akiwa amesimama.

“Kamwene, dada.”

“Kamwene. Mbona unapiga mchana? Nani kafa?”

Otilia aliomba aongee mwenyewe. Alisema kila kitu, akajisikia mdogo kuliko alivyowahi kuwa mbele ya jopo lolote la maprofesa. Upande wa pili kulikuwa na kuku, na pumzi ya mtu anayefikiri.

“Hao wa Sambwe wamekufa wangapi?”

“Asubuhi walikuwa saba, mama. Sasa ni tisa.”

“Na kirusi chetu hakijatuua.”

“Hakijawahi. Nina vipimo vya miaka thelathini na moja.”

“Basi kwa nini lango litufunge?”

“Kwa sababu lango linauliza ukoo tu. Haliulizi tabia. Mimi ndiye niliyelifundisha hivyo.”

Konsolata aliwafukuza kuku. “Mimi kaka yangu alikuwa jambazi,” alisema. “Mkubwa wetu, huyo mdogo wangu hapendi kumtaja. Tulipokuwa wasichana, hakuna mwanamume aliyetaka kutuoa kwa ajili yake. Kwa hiyo hayo nayajua, hayakuanza kwenye kompyuta yako.” Akakohoa. “Nipeni hadi saa kumi na moja. Nina watoto wako shule za nje, nina akina mama wako mnadani. Wakifungiwa, wafungiwe kwao, si kwenye malango ya watu. Nitagonga kengele tukae kikao. Wakikubali, njooni muandike hapa, mbele yetu. Msituandikie huko mbali kama mizigo.”

“Na wakikataa?” Otilia aliuliza.

“Wakikataa nitakwambia, na wewe utajua la kufanya na elimu yako.”

Otilia alitazama saa ya mkononi. Saa tatu nzima za kungoja. Alijua kwamba kila saa huko Sambwe ilikuwa na jina la mtu. Angeweza kusema hapana. Alisema ndiyo, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hajui kama alitenda haki, anajua tu kwamba asingeweza kusema vinginevyo kwa yule mama.

*

Saa kumi na moja jioni, Otilia na Kikoti walipofika, uwanja wa shule ya msingi ya Itungama ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamevaa makoti na mablanketi kwa baridi, na watoto waliorudishwa kutoka shule za nje walikuwa bado na mabegi mgongoni. Waliokufa Sambwe walikuwa wamefika kumi na mmoja. Konsolata alimpokea Otilia kwa mikono miwili, akamwonyesha meza ya mwalimu mkuu.

“Tumekaa, tumebishana, wengine wamelia,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Mzee mmoja kasema, kama watoto wetu ndio wangekuwa Sambwe, tungetaka Itungama ifanye nini? Basi hapo tukamaliza. Soma.”

Otilia alisoma lile badiliko kwa Kiswahili cha kawaida, neno kwa neno. Alisema kirusi chao kilikosewa na nani, lini, na kwa nini. Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja aliuliza kama kosa hilo litaandikwa na jina la mkosaji. Otilia alimwonyesha jina lake kwenye kioo cha kompyuta, bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

“Sasa mtani,” alisema Konsolata.

Kikoti alisimama mbele ya watu wa kwao na kukohoa. Alikuwa na karatasi, lakini hakuitazama.

“Kirusi cha Itungama,” alisema, “umetudanganya miaka mingi kwa ganda la watu. Ulipita mbele ya Mngoni ukitikisa makalio, naye kwa kuwa macho yake ni ya Songea akakuona mchumba. Leo tumekugeuza. Cha kuazima hakisitiri matako, na matako yako tumeyaona, ni ya Nyumba ya Moto. Nenda kwenu. Ila nasema na hili, nalo liandikwe: katika ukoo wa majambazi, wewe hujawahi kuiba hata sindano.”

Uwanja mzima ulilipuka kicheko, hata waliokuwa wakilia. Konsolata alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akafuta uso kwa kanga. Kikoti akatia sahihi. Otilia akabonyeza.

Baada ya dakika nne mganga wa Sambwe alipiga simu akipiga kelele kwamba mashine imebadilisha dawa, inachanganya nyingine, nyekundu, sindano ya kwanza iko mkononi mwake. Kabla Otilia hajamjibu, king'ora cha lango kikaanza kulia kule barabarani.

Waliteremka pamoja, watu mia kadhaa, taratibu, kama wanaosindikiza mgeni. Boriti la lango lilikuwa limeshashuka. Otilia alikuwa ameamua tangu mchana kwamba atabaki. Alikuwa na begi la nguo mkononi, gari ameliacha upande wa pili wa lango, na alikuwa amemwandikia naibu wake barua. Lango lilinusa pumzi yake, taa ikawa ya kijani.

“Otilia Gama,” lilisema kwa sauti ya upole. “Pumzi safi. Unaruhusiwa kutoka ndani ya dakika kumi.”

“Sitoki,” aliwaambia watu. “Mimi ndiye niliyewafunga. Nitakaa nanyi.”

Konsolata alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeleta kuni mbichi.

“Ukae utufanyie nini, mwanangu? Kulima pareto hujui. Viazi vyetu vinatosha midomo yetu. Wewe unataka kukaa ili moyo wako upate nafuu, nami nakuelewa, lakini nafuu yako haitafungua hili lango. Nani aliyapa malango lile neno moja?”

“Mimi.”

“Nani anaweza kwenda kwa Tume kule Dodoma kulichukua?”

Otilia aliitazama taa ya kijani. Miongoni mwa wote waliosimama pale, ni yeye peke yake ambaye boriti lilimkubali. Kikoti alimpokonya begi mkononi, akalitupa upande wa pili juu ya boriti.

“Nenda,” alisema. “Waambie lango lisome tabia. Waambie lisome tusi langu lote, mpaka ule mstari wa mwisho.”

Otilia aliwakumbatia, Konsolata kwanza, kisha Kikoti, ambaye hawakuwahi kukumbatiana naye katika miaka thelathini na minane. Alimwambia kwamba anampenda. Kikoti akamwambia kwamba anajua, na kwamba aangalie asichelewe. Akapita. Boriti likashuka nyuma yake, taa ikawa nyekundu, na lango likatangaza kwamba watu waliomo ndani ni elfu sita mia mbili na kumi na wanne.

Alikuwa amefika kwenye gari aliposikia sauti ya Kikoti ikivuka barabara.

“Mngoni! Mababu zako walikimbia vita kwa njia hii hii!”

Watu walicheka. Otilia aligeuka, begi mkononi, akawaona wote wamejipanga nyuma ya boriti wakingoja jibu lake, kwa maana jibu ni haki ya mtani.

“Walirudi!” alipiga kelele. “Waulize wazee wako, Mhehe! Kila mara walirudi!”

Akaingia garini, akashika njia ya Dodoma.